Maswali ya Wasomaji: William Alcott, Madawati, Madirisha na Unga wa Dona

Toleo lililopita tulimtaja William Alcott, mwalimu na daktari wa Marekani wa karne ya 19, kwa mistari minne tu ndani ya makala ya afya shuleni. Barua zilizofuata zimetoka Tukuyu hadi Makete. Tumechagua nane.

Mmemtaja huyo Alcott kana kwamba kila mtu anamjua. Ni nani hasa, na alibadilisha nini? (Mwalimu wa historia, Tukuyu)

Mwalimu, lawama tumeipokea. William Andrus Alcott alizaliwa tarehe 6 Agosti 1798 huko Wolcott, kijiji cha wakulima katika jimbo la Connecticut. Alianza kufundisha akiwa na miaka 18, katika zile shule za vijijini ambako chumba kimoja kilibeba watoto wa rika zote na mwalimu mmoja. Majengo yenyewe mara nyingi yaliwekwa kando ya barabara, kwenye kipande cha ardhi ambacho hakuna mkulima aliyekitaka. Watoto walikaa kwenye mabenchi yasiyo na egemeo, wadogo miguu ikining'inia. Wakati wa baridi, waliokaa karibu na moto waliungua nyuso na wale wa nyuma walitetemeka.

Alcott alianzia hapo hapo, kwenye benchi, moto na dirisha. Aliweka maegemeo, akashughulikia hewa na joto la darasa, akahimiza ubao na vibao vya kuandikia vitumike badala ya watoto kukariri tu kwa sauti. Mwaka 1826 alipata cheti cha udaktari katika chuo cha Yale, na kutoka hapo mwili wa mtoto na darasa lake vikawa kwake shughuli moja. Mwaka 1831 insha yake kuhusu ujenzi wa nyumba za shule ilipata tuzo ya American Institute of Instruction, na ikachapishwa mwaka uliofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 alihamia Boston, akamsaidia William Woodbridge kuhariri jarida la elimu la American Annals of Education.

Kuanzia hapo aliandika bila kupumzika. Vitabu na vijitabu vyake vinapita 100. Kilichowafaa zaidi walimu ni The House I Live In cha mwaka 1834, ambacho kinamweleza mtoto mwili wake kama nyumba: mifupa ndiyo boriti na nguzo, ngozi ndiyo kifuniko cha nje, macho ndiyo madirisha. Mwaka 1837 alikuwa rais wa kwanza wa American Physiological Society huko Boston, chama cha watu wa kawaida waliotaka kujua mwili unavyofanya kazi. Mwaka 1850 akawa rais wa kwanza wa chama cha wasiokula nyama cha Marekani, kilichoundwa New York.

Hakuwa peke yake. Horace Mann, katibu wa kwanza wa Bodi ya Elimu ya Massachusetts kuanzia 1837, alitumia sehemu kubwa ya ripoti yake ya sita kudai kwamba elimu ya mwili na afya ifundishwe shuleni. Mann ndiye mwenye jina kubwa leo, kwa sababu alikuwa na ofisi na sheria nyuma yake. Alcott alikuwa na kalamu tu. Kwa mwalimu wa darasani, hata hivyo, Alcott ana faida zaidi, kwa kuwa anashuka hadi kwenye mguu wa benchi.

Tahadhari moja, na itajirudia katika majibu yanayofuata: maagizo ya Alcott na sababu alizozitoa ni vitu viwili. Mara nyingi agizo lilikuwa sahihi na sababu ikawa si sahihi. Vitenganishe.

Ndiye baba wa Louisa May Alcott, mwandishi wa riwaya? (Msomaji, Mbeya mjini)

Hapana. Baba wa Louisa ni Amos Bronson Alcott, ndugu wa ukoo wa William na jirani yake tangu utotoni. Wote walizaliwa Wolcott, Bronson mwaka 1799, na jina la ukoo hapo awali liliandikwa Alcox. Mkanganyiko unaeleweka: Bronson naye alikuwa mwalimu wa mageuzi na hakula nyama. Mwaka 1843 alianzisha shamba la kijamaa liitwalo Fruitlands, ambalo halikumaliza hata mwaka. Ukisoma habari ya "Alcott" aliyelala njaa kwa ajili ya falsafa, huyo ni Bronson.

Mimi ni fundi seremala. Shule imenipa kazi ya madawati na wameniambia "yote saizi moja". Huyo mzee wenu angesemaje? (Fundi, Mafinga)

Angekataa, fundi, na hapa sababu zake bado zinasimama. Mtoto ambaye miguu yake haifiki sakafuni hubebwa na mapaja. Ukingo wa kiti unabana nyuma ya goti, miguu inakufa ganzi, mtoto anaanza kujisogeza mbele na kukunja mgongo. Mwalimu anamwita mtukutu, kumbe anatafuta sakafu.

Kabla ya kukata mbao, omba ruhusa upime watoto watano kutoka kila darasa, wakiwa wamevaa viatu vyao vya shule. Vipimo ni vitatu. Cha kwanza ni kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti mtoto akiwa amekaa. Huo ndio urefu wa kiti. Cha pili ni kutoka nyuma ya goti hadi mgongoni. Toa sm 3 hadi 5, upate kina cha kiti, maana lazima vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo na mguu. Cha tatu ni kutoka kwenye kiti hadi kwenye kiwiko mkono ukining'inia. Ongeza sm 2 au 3, upate meza ikae juu kiasi gani kutoka kwenye kiti.

Kama hawakuruhusu kupima, tumia viwango vinavyotumika Ulaya, kisha ujaribishe dawati moja kabla ya kutengeneza mengine. Mtoto wa urefu wa sm 108 hadi 121: kiti sm 31, meza sm 53. Wa sm 119 hadi 142: kiti sm 35, meza sm 59. Wa sm 133 hadi 159: kiti sm 38, meza sm 64. Saizi hizo tatu zinatosha shule ya msingi nzima. Usizigawe kwa darasa moja kwa moja, kwa sababu darasa la nne lina mtoto mrefu kama wa la saba na mwingine mfupi kama wa la pili. Weka saizi mbili katika kila chumba na upake rangi alama tofauti mguuni ili zisichanganyike wakati wa kufagia.

Egemeo liwe ubao wa upana wa sm 10 hadi 15, likae kwenye bonde la mgongo, na chini yake kuwe na uwazi ili makalio yapate nafasi. Lilaze nyuma kidogo, kama sm 2 kwa kila sm 15 za kupanda. Egemeo lililosimama wima humsukuma mtoto mbele na ni afadhali lisiwepo.

Kosa la kawaida kwenye dawati lililounganishwa ni nafasi kati ya kiti na meza. Mafundi huacha sm 10 au zaidi ili mtoto aingie kwa urahisi; matokeo yake anaandika akiwa ameinama kama anayepalilia. Ukingo wa mbele wa kiti na ukingo wa meza viwe kwenye mstari mmoja ukivitazama kutoka juu. Ataingia kwa pembeni. Upana ni sm 60 kwa kila mtoto, hivyo dawati la wawili ni sm 120. La watatu ndani ya sm 120 si dawati la watatu, ni la wawili lililoonewa.

Mbao za paini za huko kwenu zinafaa, ila zisitoke shambani leo zikapigiliwa kesho. Mbao mbichi husinyaa, misumari inalegea, na dawati linaanza kucheza kabla muhula haujaisha. Zipange kivulini juu ya vijiti, upepo upite kati, miezi miwili hadi mitatu kwa mbao za inchi moja. Maungio ya miguu yafunge kwa bolti, siyo misumari peke yake. Mkaratusi ni mgumu zaidi lakini hupasuka na kupinda ukikaushwa juani.

Kamwene mhariri. Kwetu baridi ya Juni na Julai ni ya barafu nyasini. Mnataka tufungue madirisha watoto wagande? Tunawasha jiko la mkaa darasani asubuhi na tunafunga. (Mwalimu mkuu, Makete)

Kamwene, Mwalimu Mkuu. Tuanze na jiko: litoeni leo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Hushika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika, na mtu husikia kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi. Mtoto anayesinzia saa mbili asubuhi karibu na jiko huenda hana uvivu wowote. Moshi kuisha hakumaanishi hatari imeisha. Mkaa mwekundu usiotoa moshi ndio unaodanganya zaidi.

Sasa madirisha. Alcott na wenzake waliamini kwamba hewa iliyokwisha kuvutwa ni sumu yenyewe, na kwamba ndiyo inayozaa maradhi ya kifua. Yeye mwenyewe aliugua mapafu tangu ujana. Bakteria wa kifua kikuu alitambuliwa na Robert Koch mwaka 1882, miaka 23 baada ya Alcott kufariki. Sababu yake, basi, haikuwa kamili, lakini agizo lake la kupitisha hewa linasimama imara: vijidudu vya kifua kikuu huelea hewani mgonjwa anapokohoa, na hewa inayobadilika huvipunguza.

Hakuna haja ya kuacha kila kitu wazi. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo tundu la juu hutoa hewa iliyotumika bila kumpulizia mtoto shingoni. Wekeni matofali ya matundu chini kidogo ya dari kwenye kuta mbili zinazotazamana, na yasizibwe kwa magazeti. Kwa chumba cha mita 7 kwa 9, eneo la madirisha tunalopendekeza ni moja ya tano ya sakafu, yaani karibu mita za mraba 12 na nusu, na nusu yake yafunguke. Asubuhi ya baridi fungueni vipande vya juu tu, pande zote mbili. Wakati wa mapumziko watoto watoke wote na madirisha yafunguliwe kabisa kwa dakika 10. Kuta na madawati vitabaki na joto lake. Hewa ndiyo itakayobadilika.

Baridi yenyewe ipigwe kwa njia nyingine: dari, kwa sababu bati tupu hupoteza joto jingi, vioo vilivyovunjika upande wa upepo virudishwe, sweta na soksi ziruhusiwe hata kama si rangi ya sare, na uji wa moto saa nne. Mtoto au mwalimu anayekohoa wiki mbili au zaidi apelekwe kituo cha afya akapimwe makohozi. Dirisha halitibu.

Alcott alikataa nyama. Nina watoto watatu na nyama tunaiona sikukuu tu. Je, ni kweli ugali wa dona na maharage vinatosha? (Mama wa watatu, Uyole)

Mama, vinakaribia sana kutosha, na kinachopungua ni kidogo lakini ni cha lazima.

Mahindi yana upungufu wa aina mbili za vijenzi vya protini, laisini na triptofani. Maharage yana laisini tele. Ndiyo maana chakula hiki cha pamoja kina maana kuliko kila kimoja peke yake. Kipimo cha kukumbuka ni sehemu tatu za nafaka kwa sehemu moja ya maharage, vikipimwa vikavu. Dona huzidi sembe kwa sababu pumba na kiini havijatupwa, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, mafuta na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Ongeza mboga za majani, na kipande cha pera, papai au ndimu wakati huo huo wa kula, maana vitamini C husaidia mwili kuchukua madini chuma ya kwenye maharage.

Kisichopatikana kwenye mmea wowote ni vitamini B12. Alcott hakuweza kuijua. Ilitenganishwa mwaka 1948. Bila hiyo, baada ya muda damu na neva hudhoofika. Haihitaji nyama ya sikukuu: yai mara chache kwa wiki, maziwa, au usipa wa Kyela waliokaushwa na kusagwa, kijiko kimoja kwenye mboga ya mtoto. Kwa hilo, usimfuate Alcott hadi mwisho wa njia.

Hatari ya dona ni nyingine kabisa, nayo ni sumukuvu. Kukoboa huondoa sehemu ya uchafu huo pamoja na pumba. Dona hubaki nao wote. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi. Kwa hiyo mahindi ya dona yachambuliwe kwa mkono: toa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu. Usizile wala usiwape kuku. Unyevu wa punje usizidi asilimia 13.5.

Nyumbani jaribu kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo ya ml 750 yenye kifuniko, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu kabisa, tikisa dakika tatu, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudi juani juu ya turubai. Chumvi ikiporomoka yote, yanafaa kuhifadhiwa. Jaribio hili hudanganya chumvi ikiwa imeshika unyevu, na huko Uyole msimu wa mvua hushika haraka. Ikaushe kwanza kwenye kikaango.

Usisage gunia zima. Mafuta ya kiini huchacha, na unga wa dona huanza kuwa mchungu baada ya wiki chache. Saga wa wiki mbili.

Nauza mikate. Nataka kujaribu ule mkate wa Graham mliousema. Mara mbili umetoka kama tofali. (Mjasiriamali, Njombe)

Sylvester Graham alikuwa mchungaji, mzaliwa wa Connecticut pia (1794), na mshirika wa Alcott. Kitabu chake kuhusu mkate kilitoka 1837, mwaka ambao waoka mikate na wachinjaji wa Boston walifanya fujo kuzuia mihadhara yake. Mkate wake ni wa ngano nzima iliyosagwa bila kuchekechwa, yaani atta.

Kwa mkate mmoja: atta g 500, maji vuguvugu ml 350 hadi 375, hamira ya chenga vijiko vya chai 2, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, mafuta vijiko vya chakula 2. Changanya, kisha acha kinyunga nusu saa kabla ya kukanda. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Pumba hunywa maji polepole. Ukikanda mara moja utaona kinyunga kinanata, utaongeza unga, na tofali limeshaanza. Kikikaa, kitajikaza chenyewe. Kanda dakika 8 hadi 10, funika, subiri kiumuke.

Njombe ina mambo mawili yanayovutana. Mwinuko hufanya kinyunga kiumuke haraka kwa kuwa hewa ni nyepesi, baridi hukichelewesha. Usitazame saa. Kwenye umuko wa kwanza, kikiwa kama mara moja na nusu ya ukubwa wake wa awali, kiweke kwenye kopo kiumuke tena. Bonyeza kidole: shimo likirudi polepole, oka. Likibaki bila kurudi umechelewa, na atta iliyopitiliza huanguka katikati, kwa sababu chembe za pumba hukata nyuzi zinazoshikilia hewa. Moto wa nyuzi 200, dakika 35 hadi 45. Kwenye sufuria ya mkaa weka makaa mengi juu ya kifuniko kuliko chini. Usiukate ukiwa wa moto, utanata kisuni.

Kwa kuanza sokoni, changanya nusu atta na nusu unga mweupe. Graham angechukia, lakini wateja watarudi.

Ni kweli alipinga chai? Sisi tunaishi kwayo. (Mkulima, Mufindi)

Kweli. Mwaka 1839 alitoa kijitabu kizima dhidi ya chai na kahawa, akiziweka karibu na pombe. Hapo alizidisha. Kikombe cha chai hakimdhuru mtu mzima mwenye afya. Kuna jambo moja la kuchunga: vitu vikali vya kwenye chai huzuia mwili kuchukua madini chuma ya mboga na maharage. Mjamzito na mtoto wasinywe pamoja na chakula. Wangoje saa moja. Chai ya rangi kumnywesha mtoto mdogo badala ya uji ni kosa lenye gharama.

Aliishi miaka mingapi kwa hiyo mboga yake? Hilo si ndilo jibu la kila kitu? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Iringa)

Alifariki tarehe 29 Machi 1859 huko Massachusetts akiwa na miaka 60. Graham alikufa mwaka 1851 akiwa na 57, na wapinzani walicheka sana. Lakini mtu mmoja hathibitishi chochote, wala kwa upande wa mboga wala wa nyama. Alcott alianza safari akiwa na mapafu mabovu, na hatuna Alcott wa pili aliyekula nyama ili tumlinganishe.

Yeye mwenyewe aliteleza kwenye jambo hilo hilo. Mwaka 1835 daktari Milo North wa Hartford alitangaza orodha ya maswali kwa watu walioacha nyama: nguvu zimeongezeka au zimepungua, tumbo likoje, homa je? Majibu yalimfikia Alcott, naye akayachapa mwaka 1838 katika kitabu chake kuhusu lishe ya mimea. Tazama nani aliyejibu: wengi ni waliofurahia mabadiliko. Aliyejaribu mwezi mmoja akadhoofika akarudi kwenye nyama hakuwa na sababu kubwa ya kuandika barua. Aliyekufa hakuandika kabisa. Ukitaka kulitumia hilo kwenye mradi wako wa biolojia, chukua orodha ya darasa zima, uliza kila jina, na waliokataa kujibu wahesabu pia.